Kuchachusha Mabaki ya Chakula kwa Bakteria Rafiki: Mwongozo Kamili wa Ndoo Isiyonuka

Maswali ninayoulizwa kuhusu ndoo hii ya kuchachushia mabaki ya jikoni, kabla ya kuyafukia yawe mbolea, ni mawili, na yanajirudia. La kwanza: "Nimesubiri wiki mbili, nimefungua, na maganda bado ni maganda. Nimekosea wapi?" La pili: "Ndoo inanuka kama mzoga. Nifanyeje?"

Anayeuliza la kwanza mara nyingi hajakosea chochote. Amefanikiwa na hajui. Anayeuliza la pili ameacha hewa au maji yaingie mahali fulani, na mahali penyewe hapapiti matatu au manne. Nimeandika mwongozo huu ili hao wawili wapate jibu kabla hawajakata tamaa.

## Kuoza ni kimoja, kuchacha ni kingine

Tukisema chakula kimechacha huwa tunamaanisha kimeharibika. Ndani ya ndoo hii, kuchacha ndiko tunakokutafuta.

Bakteria wa asidi laktiki, ambao ni jamaa ya wale wanaogandisha maziwa kuwa mtindi, hula sukari iliyomo kwenye mabaki na kutoa asidi. Asidi ikipanda, vijidudu vinavyoozesha na kuleta uvundo hushindwa kuzaliana. Kwa hiyo mabaki hayageuki mboji ndani ya ndoo. Yanakuwa kama achari: umbo lilelile, rangi imefifia kidogo, harufu kali ya uchachu. Kuyeyuka kwenyewe kutatokea baadaye, ardhini.

Bakteria hawa hawahitaji hewa. Ukungu unaihitaji, na ndiyo maana tunaifungia nje. Maji mengi nayo huzimua asidi, na asidi ikipungua makali waozeshaji wanarudi. Karibu kila onyo utakalolisoma hapa linatokana na sababu hizo mbili.

## Andaa hivi kwanza

- Ndoo mbili zinazolingana za lita 15 hadi 20, moja iweze kuingia ndani ya nyingine na kubana
- Mfuniko mmoja unaofunga kwa nguvu, wenye ukingo usio na ufa
- Mchele mkavu kikombe 1
- Maziwa lita 1, yasiyo na sukari wala ladha
- Pumba za ngano au za mchele kilo 2, kavu, zisizo na ukungu
- Molasi (majimaji mazito meusi matamu yanayobaki miwa ikitengenezwa sukari), au sukari ya kahawia iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo
- Mitungi miwili ya kioo, kitambaa safi, mpira wa kufungia na chujio
- Mfuko mzito wa plastiki usiotoboka
- Sahani inayoingia ndani ya ndoo, kwa ajili ya kukandamiza

Karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) zinasaidia, lakini si lazima. Pua yako itatosha.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache kwenye chombo wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatumia. Klorini imewekwa humo kuua bakteria, na haiwezi kuwajua wa kwako.

## Hatua ya 1: Wanase bakteria kwa maji ya mchele

Weka kikombe cha mchele kwenye bakuli, mimina vikombe viwili vya maji, kisha usugue kwa mkono hadi maji yawe meupe kama maziwa mepesi. Maji hayo ya kwanza ndiyo tunayoyataka. Mchele wenyewe endelea kuupika.

Yajaze kwenye mtungi hadi theluthi mbili. Funika kwa kitambaa na mpira, si kwa mfuniko, kwa sababu bakteria wengine watatoka kwenye punje za mchele na wengine watatua kutoka hewani. Weka kivulini, mahali penye joto la kawaida la ndani, na usiutikise.

Maji yaliyopikiwa mchele hayafai. Moto umeshaua kile tunachokitafuta.

Dalili ya kufanikiwa: baada ya siku 2 hadi 4 kwenye joto, au hadi wiki moja penye baridi, utaona matabaka matatu. Juu kuna utando mwembamba, chini wanga umetulia, na katikati kuna maji yenye ukungukungu. Harufu ni ya uchachu mwepesi. Ikiwa inanuka uozo, mwaga, osha mtungi kwa maji ya moto, uanze upya. Umepoteza maji ya kuoshea mchele tu.

## Hatua ya 2: Wachuje kwa maziwa

Ndani ya yale maji ya mchele wamo bakteria wa kila namna. Maziwa yanatusaidia kuchagua, kwa sababu yana laktosi, sukari ambayo bakteria wa asidi laktiki huitumia vizuri, na asidi wanayoitoa inawadhoofisha wengine.

Chota mililita 100 za tabaka la katikati. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kijiko kirefu, ukiepuka utando wa juu na wanga wa chini. Changanya na lita 1 ya maziwa kwenye mtungi wenye nafasi juu, funika kwa kitambaa, halafu uache.

Usikoroge. Usionje. Usiuhamishehamishe mtungi ili kuangalia. Najua hamu ya kuchungulia ilivyo, lakini gando linalopaa juu likivunjwavunjwa linakuwa taabu kulichuja.

Dalili ya kufanikiwa: kati ya siku 3 na 7, maziwa yamejitenga. Juu pana gando jeupe nene, chini pana maji ya manjano hafifu unayoweza karibu kuona upande wa pili. Yana harufu ya mtindi. Uso wenye madoa ya kijani, meusi au ya waridi ni wa kutupwa.

Chuja kwa kitambaa. Maji yale ya manjano ndiyo maji mama, na kila kitu kinachofuata kinatoka kwayo. Gando litie kwenye ndoo ya mabaki utakapoianza.

Kwenye jokofu, maji mama hukaa miezi kadhaa. Bila jokofu, changanya na sukari ya kahawia ya uzito uleule, kilo kwa kilo, na uweke kivulini. Kwa vyovyote vile usikaze mfuniko. Bakteria na hamira za asili humo ndani zinaendelea kutoa gesi, na chupa ya kioo iliyokazwa inaweza kupasuka.

Je, ipo njia ya mkato? Ipo. Majimaji yanayotoka ukichuja mtindi hai, usio na sukari na ambao haukuchemshwa baada ya kuganda, yanafanya kazi hiyohiyo. Kwa anayeanza leo ningemshauri aanzie hapo, kisha ajifunze ya mchele polepole.

## Hatua ya 3: Wape bakteria makao kwenye pumba

Unaweza kunyunyiza maji mama moja kwa moja juu ya mabaki, lakini unakuwa umeongeza maji kwenye ndoo ambayo adui yake ni maji. Pumba zinabeba bakteria na papo hapo zinanyonya unyevu wa ziada. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowaangusha.

Changanya mililita 40 za maji mama na mililita 40 za molasi kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Yasiwe ya moto. Nyunyizia kidogo kidogo kwenye kilo 2 za pumba huku ukifikicha kwa mikono hadi mabonge yote yaishe.

Sasa pima kwa kiganja. Kamata konzi moja, bana kwa nguvu, kisha fungua vidole. Pumba zishikane kama donge. Ukiligusa kwa kidole, livunjike. Likimomonyoka lenyewe, ongeza maji kijiko kwa kijiko. Tone likipenya kati ya vidole, umezidisha: ongeza pumba kavu. Kwa kilo 2, jumla ya maji huishia kati ya mililita 600 na 800, kutegemea pumba zenyewe zina ukavu gani.

Zishindilie kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa yote, funga kwa kubana na uweke kivulini kwa siku 14.

Dalili ya kufanikiwa: harufu tamu yenye uchachu, kama unga wa mkate ulioumuka. Utando mweupe ni wa heri. Wa kijani au mweusi ni ushahidi kwamba hewa ilipenya.

Unaweza kuzitumia hivyohivyo zikiwa na unyevu. Ukitaka kuziweka kwa miezi, zianike kivulini zikauke kabisa, maana jua kali huwaua bakteria wako. Kisha zifunge kwenye chombo kikavu.

## Hatua ya 4: Tengeneza ndoo

Toboa matundu 15 hadi 20 kwenye kitako cha ndoo moja, kila tundu la upana wa milimita 5 hivi. Keekee ni bora. Msumari uliochomwa moto na kushikwa kwa koleo unatosha, ila fanya nje maana moshi wa plastiki ni mbaya.

Ndani ya ndoo isiyotobolewa weka kopo lililopinduliwa au kipande cha tofali, kisha iingize ile yenye matundu. Kati ya vitako viwili ibaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi ya kukusanya majimaji. Hakikisha ukingo wa ndoo ya nje unaibana ya ndani, la sivyo hewa itapanda kwa chini kupitia matundu na mfuniko wako hautakuwa na maana.

## Hatua ya 5: Jaza kwa matabaka

Tandika konzi ya pumba kwenye kitako. Halafu kila siku fanya hivi:

1. Kusanya mabaki ya siku nzima kwenye bakuli lenye kifuniko. Ndoo ifunguliwe mara moja tu kwa siku. Kila unapoifungua unaingiza hewa mpya.
2. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Vipande vidogo vina uso mwingi wa kushikwa na bakteria.
3. Chuja mchuzi na maji yote.
4. Tandaza tabaka la unene usiozidi sentimita 4.
5. Nyunyiza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya pumba, hadi uso wote uonekane kuguswa. Kama kuna nyama, samaki au mayai, ongeza maradufu, kwa sababu protini ndiyo inayooza upesi na kwa harufu mbaya kuliko vyote.
6. Kandamiza kwa sahani, kwa uzito wa mikono yote miwili, hadi usikie hewa ikitoka. Iache sahani palepale juu ya mabaki, au tandika plastiki juu ya uso.
7. Funga mfuniko hadi ulie pande zote.

Ukiwa na shaka kuhusu kiasi cha pumba, zidisha. Sijawahi kuona ndoo iliyoharibika kwa pumba kuwa nyingi.

Yanayofaa ni maganda ya matunda, majani ya mboga, nafaka zilizopikwa, mkate, machicha ya chai na kahawa, maganda ya mayai, na nyama au samaki kwa kiasi. Usitie maziwa, supu, juisi, mafuta ya kumimina, mifupa mikubwa, kinyesi cha mnyama yeyote, wala chakula ambacho tayari kina ukungu wa kijani. Chakula chenye ukungu tayari kina jeshi lake. Ukikitia ndani, unawaalika adui kabla walinzi hawajajipanga.

Ndoo yangu ya kwanza niliiharibu kwa machicha ya chai. Niliyamimina pamoja na chai iliyobaki kwenye birika, nikijiambia ni kidogo tu. Siku ya tano, nilipoinua mfuniko, uvundo ulinitoa machozi. Chini mlikuwa na vidole vinne vya maji ya kijivu, na tabaka la mwisho lilikuwa linaelea. Tangu siku hiyo machicha nayakamua kwa mkono.

## Hatua ya 6: Kamua majimaji kila baada ya siku mbili

Inua ndoo ya ndani na umimine yaliyojikusanya. Usingoje yafikie matundu, kwa sababu mabaki yakilowa kwa chini uozo utaanzia hapo.

Majimaji haya yana asidi na virutubisho, na ni makali. Kwa udongo wa bustani, zimua sehemu 1 kwa sehemu 100 za maji, yaani mililita 10 kwa lita 1. Kwa miche michanga au mimea ya vyungu, zimua zaidi, 1 kwa 300 au hata 1 kwa 500. Mwagilia udongo, si majani, na yatumie siku hiyohiyo. Yakikaa yanaanza kuoza.

Yasiyozimuliwa yamimine usiku kwenye bomba la kutolea maji machafu la jikoni; yanapunguza utelezi na harufu. Ila yakishanuka uozo, yamwage mbali na mimea na usiyatumie kwa lolote.

Wengine hupata vijiko vichache tu kwa wiki. Si kosa. Mabaki makavu hayana cha kutoa.

## Hatua ya 7: Funga na uiache

Ndoo ikijaa, maliza kwa konzi mbili za pumba, kandamiza, tandika plastiki, funga. Andika tarehe kwenye mfuniko. Hesabu siku 14, au 21 penye baridi, ukiendelea kukamua majimaji bila kugusa mfuniko. Siku hizo haziwezi kufupishwa. Asidi lazima ipate muda wa kufika katikati ya kila kipande.

Ukifungua, soma ndoo kwa utaratibu huu:

Pua kwanza. Uchachu wa siki uliochanganyika na utamu hafifu: umefaulu. Mzoga, yai viza au matapishi: haijachachuka, imeoza.

Kisha macho. Ganda la ndizi limekuwa kahawia na laini lakini bado lina umbo lake. Karoti bado ni karoti. Wali bado una punje. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Utando mweupe kama pamba juu ya uso ni wa kawaida kabisa.

Mwisho, karatasi ya pH ukiwa nayo. Inapaswa kusoma karibu na 4 au chini yake.

Ukikuta doa dogo la kijani juu tu, na chini harufu ni nzuri, lichote na sehemu inayolizunguka, tia pumba nyingi, funga wiki moja zaidi. Ukungu wa kijani au mweusi ukiwa umeenea, usihangaike kuiokoa. Zika yote kwa kina, mbali na mboga, osha ndoo kwa sabuni na ukague mfuniko. Nimeona mara nyingi tatizo likiwa ufa mwembamba kama unywele kwenye ukingo wa plastiki.

Funza wakitokea, inzi alitaga kabla hujatia mabaki ndooni, pengine kwenye lile bakuli la siku nzima. Lifunike bakuli, na tatizo litaishia hapo.

Mabaki haya si chakula tena, si kwa mtu wala kwa mnyama. Ukiwa na kidonda mkononi vaa glavu, na nawa kwa sabuni kila umalizapo.

## Hatua ya 8: Rudisha ardhini

Mabaki yaliyochachuka hayajawa mbolea hadi yakutane na udongo. Huko ndiko minyoo na vijidudu vingine hupokea kazi, na kwa kuwa bakteria wameshalainisha kuta za chembe za mimea, kazi hiyo huenda haraka.

Kama una shamba au bustani: chimba shimo au mtaro wa kina cha sentimita 30. Mimina mabaki, changanya na udongo kwa jembe hadi usione donge lolote, kisha fukia kwa udongo wa sentimita 20. Mbwa na panya wakisumbua, weka wavu au jiwe juu kwa wiki ya kwanza. Kaa mbali na mizizi ya mimea iliyopo.

Kama huna ardhi: chukua pipa au kreti lenye matundu chini, tandika udongo wa sentimita 10, weka sehemu 1 ya mabaki kwa sehemu 2 za udongo, changanya sana, kisha funika kwa udongo mtupu wa sentimita 10. Udongo wa zamani wa vyungu, uliochoka, unafaa kabisa hapa. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa.

Usipande kabla ya wiki mbili. Asidi bado ipo na itaunguza mizizi michanga. Penye baridi ngoja wiki nne au zaidi. Sehemu kubwa ya asidi hutoweka kadiri vijidudu vya udongo vinavyoila.

Dalili ya kufanikiwa: chimbua kidogo baada ya wiki tatu au nne. Udongo ni mweusi zaidi, unavunjika vidoleni, una harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Utakuta ganda la yai na labda mbegu ya embe, na pengine minyoo kadhaa waliojisogeza wenyewe. Ukikuta bado vipande vinavyonuka siki, geuza, fukia tena, ongeza wiki mbili.

Ndoo sasa iko tupu. Ioshe kwa maji matupu, ikaushe, tandika konzi ya pumba kwenye kitako. Na kabla maji mama hayajaisha, chota mililita 100 uzitie kwenye lita nyingine ya maziwa. Kutoka hapo huhitaji tena maji ya mchele.